Daftari la Kiu

1

Siku ya pili ya ukarabati wa ndiva nilikunywa ndoo moja na nusu ya maji kabla ya saa nne asubuhi, na kiu ikabaki palepale, imetulia, kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakuja.

Kiu yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mto Kizungwe.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu mlangoni mwa chanzo, pale mji wa Vuchamba unapochotea maji yake. Mbele yangu lango la chuma, kando yake kijisanduku cha rangi ya kijani ambacho watu wanakiita Karani.

"Mto uko vidole vinne chini ya Mstari," Karani akasema. "Mbeba kiu, unaridhia lango liendelee kuwa wazi?"

"Naridhia."

"Taja jina kamili."

"Unalijua."

"Sheria inataka litamkwe."

"Abdurahmani Mnali. Nilizaliwa Lindi. Anwani sina."

"Kiu imeongezwa."

Punje iliyo nyuma ya sikio langu ikapata moto kidogo, na ulimi ukakauka kama ganda la muhogo lililoanikwa juu ya bati.

Punje hizo kila mtu anazo siku hizi. Unawekewa ukiwa mchanga, unapigia simu, unajitambulisha nayo zahanati. Mtoni nako zimo, elfu tisa, ndogo kama ulezi, zimepandwa kwenye mchanga wa chini. Zinapima kina, zinapima joto, zinasikiliza hata samaki wanavyohema. Mto ukishuka chini ya Mstari, alama ya kina iliyowekwa na sheria, zinamwambia Karani, na Karani anamwambia mtu mmoja. Lakini hamwambii kwa maneno. Anamwambia kooni.

Ndiyo sheria. Mto huu ulishakatika mara mbili kabla sijafika huku, na waliotunga sheria walisema hivi: mwenye kuuza maji kwa umma akitozwa faini, anailipa kwa fedha za wateja wake na usingizi wake haupungui. Basi akizidisha kuchota, naye aone kiu. Nadhani walimkusudia mwenyekiti wa maji. Lakini kwenye kifungu cha mwisho mtu akachomeka maneno matatu, "au mtu aliyemteua." Kwa maneno hayo matatu mimi nimekula na kuvaa miaka kumi na minne, miji mitano, natembea na begi langu kutoka lango hadi lango.

Chini ya chanzo, barabarani, povu jeupe lilikuwa linateremka mtaroni. Elifadhi alikuwa anaosha magari.

"Mzee wa kuja!" akanipigia kelele, mpira wa maji mkononi. "Koo linaendeleaje?"

"Linakusalimia."

"Liambie livumilie, bado siku tano!"

Akacheka, nami nikacheka, kwa kuwa Elifadhi anachekesha. Lakini mkono wangu ulikuwa tayari juu ya begi.

Vuchamba wana bahati ambayo miji mingine haina. Wana ndiva, bwawa ambalo wazee wao walilichimba kwenye ubavu wa mlima, linalojazwa na vijito viwili vya juu. Ndiva ikiwa nzima, mji unakunywa ndivani na mto unaachwa upumue. Mara moja kwa mwaka inakaushwa, inasiribwa udongo upya, na kwa siku hizo mji unakunywa mtoni. Kazi ni msaragambo, yaani ya wote, nyumba kwa nyumba, bila ujira. Zamani ilichukua siku mbili. Nilipofika mimi ikawa tano. Mwaka huu wameandika saba.

Nani aharakishe? Kiu iko kwa Mnali.

Mama Nakiete, mwenyekiti wa jumuiya ya maji, akaja na chupa ya uji kama kila asubuhi. Mama huyu ana kifua cha mtu aliyezaliwa kuongoza kwaya. Akaliona begi.

"Hilo la nini?"

"La kuondokea."

"Ukiondoka lango linajifunga. Mji mzima mkavu, na zahanati ndani yake."

"Ndiyo maana sijaondoka tangu saa mbili."

Akakaa chini, kwenye majani, na kitenge chake kizuri. "Umechoka, Mzee Mnali."

"Juzi nilikula nyama nikaona ninatafuna gunia. Usiku nimeamka mara kumi na moja, mama. Nesi ameniambia nikiendelea kunywa hivi, maji yenyewe ndiyo yataniua. Ndivani leo wamekuja wangapi?"

"Tisa." Akafikiri. "Wawili ni wageni wanaopiga picha."

Tukatazamana. Sikutaka kucheka, koo linauma ukicheka, lakini tulicheka.

"Nikuulize," nikasema. "Hii kiu ni kazi au si kazi?"

"Ni kazi. Tena kazi mbaya."

"Na kazi ya mji, hapa kwenu, hufanywa na nani?"

Alikuwa anamimina uji. Akasahau kwamba anamimina. Uji ukaendelea kujaa kikombeni mpaka ukamwagikia vidole vyake, hata hakuugutukia.

"Karani," akaita polepole. "Sheria inasema mbeba kiu awe mmoja?"

"Sheria haikutaja idadi," Karani akajibu. "Kila mteuliwa aitwe kwa jina mbele yangu, na jibu lisikike. Watoto, wajawazito na wagonjwa hawaruhusiwi. Mji wowote bado haujaomba zaidi ya mmoja."

"Haujaomba!" Mama Nakiete akasimama, akajipangusa uji kwenye kitenge bila hata kutazama. "Mzee Mnali, usiguse hilo begi. Naenda kupiga baragumu."

2

Lile baragumu ni la pembe, na halipigwi ovyo. Kufika saa sita watu walikuwa wamejaa kuanzia langoni hadi barabarani, wengine na aproni za jikoni, mwalimu mmoja na chaki sikioni. Walidhani kuna moto.

Mama Nakiete akapanda juu ya kigoda changu. Kikalia, lakini kikastahimili. Akawaeleza kwa kifupi: mzee anaondoka saa nane, na akiondoka lango linafungwa, au kiu iingizwe msaragamboni, igawanywe, kila nyumba ibebe chake.

Kelele zilizotoka hapo, ningekuwa na nguvu ningeziba masikio.

"Mimi nalipa bili!" Elifadhi akapasua katikati, bado na buti zake za mpira. "Kila mwezi nalipa. Bili ina kila kitu ndani yake."

"Ina mabomba," Mama Nakiete akasema. "Ina dawa ya kusafishia. Ina mshahara wa huyu mzee, mdogo kama ulivyo. Kiu haimo, Elifadhi, nimeitafuta mpaka nyuma ya karatasi."

"Amekubali mwenyewe! Ni kibarua chake. Mbona mchimba choo hatumwambii tugawane shimo?"

Watu wakacheka, na wengine wakatikisa kichwa kumuunga mkono. Hoja ilikuwa na miguu. Nikaona nisikae kimya.

"Kweli nilikubali," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kama mtu anakwangua sufuria. "Ila nilikubali siku mbili za mwaka. Nyie ndio mmezifanya saba."

Bibi mmoja mfupi, Bibi Nanzia, muuza magimbi, akasogea mbele akikokota kandambili. "Inaumaje?" akaniuliza. "Kama kula karanga za chumvi, au kama homa?"

"Sasa hivi, bibi, ni kama nimemeza jangwa. Mkigawana, sijui. Hakuna aliyewahi kujaribu."

"Basi niite mimi wa kwanza. Nina miaka themanini na moja, sijawahi kuwa wa kwanza kwa lolote."

Daftari la msaragambo likaletwa. Ni daftari la karatasi, limefungwa kwa uzi, nyumba mia nne na kumi na mbili, na kila nyumba watu wake wazima. Mama Nakiete akafungua, akasafisha koo, akaanza kuita.

"Nanzia Sekiete!"

"Nipo!"

"Amesikika," Karani akasema.

Bibi Nanzia akashika shingo. Watu wote wakamwangalia. Akalamba midomo, mara moja, mara mbili. "Wallahi kiu!" akapiga kelele, akaruka, miaka themanini na moja ile. "Njooni muone!"

Ndivyo ilivyoanza. Nipo, amesikika, mkono shingoni, kicheko. Nipo, amesikika. Mwalimu alipoitwa wanafunzi wake walimshangilia kama amefunga goli. Kwa asiyekuwepo, ndugu yake aliitikia, kama wanavyofanya Vuchamba miaka yote: "Yupo, yuko safari!" Na Mama Nakiete anaweka alama, anaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa chini nimefumba macho, maana kwa kila jina nilihisi kitu kinanyanyuliwa kwangu, kidole kimoja kimoja, kama watu wanashusha gogo begani kwa mtu. Walipofika nyumba ya mia mbili nilisikia mate mdomoni. Mate! Nilikuwa nimesahau kwamba yana utamu.

"Elifadhi Mgonja!"

"Sipo," Elifadhi akasema, amesimama palepale.

Hakuna aliyemtukana. Mama Nakiete akaandika tu. Asiyefanya msaragambo hutoa sufuria la makande kulisha wanaofanya, ndiyo adhabu yake tangu enzi za mababu. "Makande kesho saa sita, sufuria namba arobaini," akasema. "Na maharage yasiwe ya kuhesabu."

3

Jioni ile ndivani palikuwa na watu kama mia sita. Ajabu ya kiu ndogo ni hiyo. Haikuangushi, lakini haikuachi ukae. Kila mtu alikuwa kama amekula karanga za chumvi, sawasawa na alivyokisia Bibi Nanzia, na kila mtu alijua dawa haiko kwenye kikombe. Dawa iko kwenye udongo. Wanaume wanateremsha udongo wa mfinyanzi kwa mabega, wanawake na wanaume wanaukanyaga kwa miguu, mstari unakwenda mstari unarudi, mwimbishaji anatunga papo hapo:

"Mto, babu, umetukopesha koo!"

"Heee, kanyaga!"

"Na Elifadhi kabaki na soda yake!"

"Heee, kanyaga!"

Mwaka mmoja jumuiya iliwahi kuleta mashine ya kusiriba. Ilifanya vizuri kwa macho, na ndiva ikavuja kwa miezi mitatu. Udongo ule unataka visigino.

Nilikuwa nimekaa ukingoni nala gimbi la kuchoma. Nalisikia gimbi, nasikia moshi wake, chumvi yake. Nikamuuliza Karani kupitia punje, kwa raha tu, tumekuwa wangapi.

"Wabebaji ni elfu moja mia tatu na kumi na wawili," akasema sikioni. "Kati yao mia tano na arobaini wako nje ya bonde."

Gimbi likasimama njiani.

"Nje ya bonde wapi?"

"Dar es Salaam, mia mbili na sita. Arusha, tisini na wanane. Mwanza, arobaini. Mmoja yuko melini, bahari haijatambulika."

Yupo, yuko safari. Tuliwaitikia wote. Msibani Vuchamba wanaitikia asiyekuwepo, harusini wanaitikia, michango inatumwa, maisha yanakwenda. Lakini Karani hakuzaliwa Vuchamba. Aliita jina, akasikia jibu, akapeleka kiu mpaka huko.

Na hakuna aliyekuwa amepiga simu. Walikuwa wanadhani ni joto.

Nitasema ukweli wangu. Nililimaliza gimbi. Nililimaliza taratibu, nikafikiri: siku mbili tu. Hawatajua. Tukiwatoa, kiu ya hawa hapa itaongezeka karibu mara mbili, watu watavunjika moyo, watarudi nyumbani, na kufikia kesho jioni itakuwa imerudi kwangu yote. Nikafikiri pia habari ya usiku wangu, mara kumi na moja kuamka.

Nikamwita Mama Nakiete, amejaa udongo mpaka magotini, nikamwambia.

"Wee!" akasema. Kisha akashika mdomo. "Na Naelijwa wangu yumo! Niliitikia mimi mwenyewe!" Akatazama kule chini watu wanavyokanyaga, akateremsha sauti. "Mzee Mnali, kwani lazima tuwaambie leo? Tunamaliza kesho. Angalia watu walivyo."

"Naona."

"Sijawaona hivi tangu niolewe."

"Mama, miaka kumi na minne nimebeba kiu za watu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama inatosha. Nisiwe mimi wa kumfanyia mwingine hivyo. Halafu nimlaumu nani?"

Mwimbishaji alikuwa ameanza ubeti mwingine, wa mwenyekiti na kitenge cha uji, na watu wanakufa kwa kucheka.

"Sema wewe," hatimaye akasema. "Mimi sauti itanikwama."

Basi nikamwambia Karani anifungulie punje zote mia tano na arobaini, nikasema bila mapambo: "Jamani, mimi ni Mnali, mbeba kiu wa Vuchamba. Hiyo kiu mnayoisikia tangu saa saba si joto. Ni ya mto wa kwenu. Ndugu zenu waliwaitikia msaragamboni kwa mazoea, na mashine ikachukua kama mmekubali. Ni makosa yetu. Anayetaka kutoka aseme 'nitoe', atatolewa sasa hivi."

Wa kwanza alikuwa Yoeza, wakili, yuko Arusha. "Mmenifanya nini? Mchana nilisimama mbele ya hakimu nikitoa maneno kama chura! Nitoe!"

"Umetolewa," Karani akasema.

"Subiri. Kesi inaisha saa kumi kesho. Saa kumi na moja nirudishe."

Kisha wakaja wengi kwa pamoja. Wengine walitukana, na walikuwa na haki. Wengine waliuliza ndiva imefikia wapi. Aliyekuwa melini aliuliza kama ule mti wa mfudu ulioko ukingoni bado upo, nikamwambia nimeuegemea. Naelijwa, binti wa Mama Nakiete, anaendesha winchi kubwa ya bandarini. Tulisikia upepo wa kule juu unapiga.

"Mama?"

"Nipo, mwanangu. Nisamehe. Sema tu utolewe."

"Kwa hiyo hii ni Kizungwe?" Sauti yake ikawa ndogo. "Niko juu hapa tangu mchana, mate hayapo, nikawa naiwaza nyumbani tu bila sababu. Nikasema labda nimechoka. Mama, niache nayo. Mkanyage haraka lakini, nina zamu ya asubuhi."

Mama Nakiete alirudi kwenye udongo akakanyaga kama anadaiwa na ardhi yenyewe.

Kati ya mia tano na arobaini, waliotoka ni thelathini na mmoja.

4

Kesho yake saa sita Elifadhi akaleta makande. Alibeba sufuria mwenyewe, na nisiwe mchoyo wa sifa, yalikuwa makande mazuri, maharage mengi, nazi nzito. Watu wakala wakimshukuru vizuri tu. Ila kila mara mtu alipolamba midomo, mwenzake alimtazama wakacheka, na kicheko hicho Elifadhi hakuwa na mlango wa kuingilia. Alikuwa amekaa na soda yake pembeni. Akaiweka chini ikiwa nusu.

Akamfuata Mama Nakiete. "Mwenyekiti. Lile daftari."

"Lina nini?"

"Niite tena."

"Nimelifunga uzi, Elifadhi."

"Lifungue basi! Jana usiku mke wangu na mama mkwe walikaa barazani wanaulizana, wewe imefika wapi, mimi imefika hapa, mimi imefika hapa. Nikiingia wananyamaza. Nimeosha gari moja tu leo. Sikuliona tamu."

"Jamani!" Bibi Nanzia akapaza sauti. "Mtu anaomba kiu!"

Walimshangilia mpaka kunguru wakaruka. Akaitwa, akasema nipo, akashika shingo, akakunja uso. "Kumbe hivi," akasema, akinitazama mimi. "Na wewe ulikuwa nayo yote?"

"Yote."

Alivua buti akaingia kwenye udongo.

Saa kumi na nusu kisigino cha mwisho kilitoka. Vijito viwili vikafunguliwa. Asubuhi ya siku ya nne, jua halijapanda sana, ndiva ilikuwa imejaa, imetulia kama sahani, wala haikudondosha tone. Mama Nakiete akafungua bomba la mji. Akapiga baragumu, na mimi kule chini kwenye chanzo nikafunga lango la mto kwa mkono wangu.

Watu walikuwa wamejipanga ukingoni mwa Kizungwe, huku na huku, macho kwenye maji. Mto ukapanda kidole. Ukapanda kidole cha pili. Cha tatu. Mtu anaposubiri hivyo hata chafya anaizuia. Ukagusa Mstari.

"Kiu imekwisha," Karani akasema.

Sijui niieleze vipi. Nyote mmewahi kufika nyumbani siku ya jua kali mkapewa maji ya mtungi. Sasa chukueni ile pumzi inayotoka baada ya kikombe cha kwanza, muitoe kwenye vifua elfu moja kwa mara moja. "Aaaah!" Bonde zima. Ndege walinyamaza. Halafu punje zikaanza kulia, Dar, Mwanza, melini: imetoka! Imetoka hata huku! Naelijwa alikuwa anacheka na kulia juu ya winchi yake, na chini yake, alisema, wapagazi wanamtazama wanadhani kichaa. Yoeza akalalamika kwamba tumemrudishia saa kumi na moja kama alivyotaka na hajaifaidi vya kutosha.

Nilichota kikombe kimoja. Kimoja tu kilitosha.

Kazi yangu pale ilikuwa imekwisha, na hata kama wangenipa nyingine miguu yangu ilikwisha kuanza kuwasha. Ndivyo ilivyo. Nikawaacha wanacheza ngoma, nikachukua begi, nikashika njia ya chini kimyakimya. Kuagana sikuweza kamwe.

Nilikuwa nimefika kona ya pili niliposikia sauti ya Mama Nakiete inateremka mlimani. Msaragambo ukiisha daftari huitwa tena, ndipo watu waruhusiwe. Nikapunguza mwendo nisikilize. Aliita nyumba zote mia nne na kumi na mbili, na nipo zikawa zinadondoka moja moja mpaka zikaisha. Nikainua begi.

"Nyumba ya mia nne na kumi na tatu!" akaita. "Abdurahmani Mnali!"

Nilisimama. Nilifungua mdomo, lakini nilikuwa mbali mno, wasingenisikia. Kisha sauti ya Elifadhi, ile ya kuitia wenye magari, ikapasua bonde lote:

"Yupo! Yuko safari!"

"Amesikika," Karani akasema sikioni mwangu.

Nikakaa juu ya begi langu pale kando ya njia, nikacheka hadi machozi. Mwakani, popote nitakapokuwa, asubuhi moja ulimi wangu utakauka kidogo, kama mtu aliyekula karanga za chumvi, nami nitajua wameanza kukanyaga.